Silaha ya Wasweden Begani Mwangu

Kiswahili ndicho kilichonifungulia mlango wa Jeshi la Marekani. Mpango wa MAVNI, ulioanza 2008, uliwaandikisha wageni waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Ukishaingia, askari wa miguu ni askari wa miguu: kazi kubwa ni kubeba. Ndiyo maana majaribio ya Carl Gustaf mpya nayakumbuka kuliko mengi niliyoyapitia jeshini.

Carl Gustaf ni silaha ya begani ya kupigia vifaru na ngome, kipenyo chake milimita 84. Wasweden wanayo tangu 1948. Marekani ina utaratibu maalumu wa kujaribu silaha ambazo nchi rafiki zimekwisha kuzikamilisha, ili fedha na miaka visipotee kuunda upya kitu ambacho tayari kipo na kinafanya kazi. Mimi naona ni busara kubwa, mradi kipimo kifanywe na watakaoibeba silaha yenyewe.

Safari ile walituletea toleo lililoitwa M3E1. M3 tuliyoizoea ilikuwa na uzito wa karibu kilo 10. Hii haikufika 7, kwa kuwa chuma cha ndani ya mtutu kilikuwa kimebadilishwa na titani, metali iliyo nyepesi kuliko chuma. Anayesoma kilo tatu mezani haoni kitu. Mwenye fulana ya kinga, maji na risasi mgongoni, akipanda kilima saa sita mchana, anaziona vizuri sana.

Nilipangwa na kijana wa Tanga. Mimi mpigaji, yeye mpakiaji. Tulianza kwa kutembea porini na silaha zote mbili, tukipokezana. Alipoichukua ile mpya hakusema lolote kwa muda, kisha akaniita.

"Kaka, uzito tumeuona. Lakini umeangalia urefu? Ile ya zamani inanasa kwenye kila tawi. Hii inapita."

Nikamwambia alikumbuke hilo, aliseme tukiulizwa.

Kwenye uwanja wa shabaha alifungua sehemu ya nyuma ya mtutu, akasukuma kombora ndani, akafunga. Akageuka kuhakikisha hakuna mtu nyuma yetu, akapaza sauti, akanigusa begani. Silaha hii haimpigi mtu teke, kwa sababu gesi hutoka kwa nyuma na kumaliza msukumo. Mshindo ndio balaa. Hukugonga kifuani na usoni, vumbi linapanda pande zote, na kwa nukta kadhaa huoni shabaha. Ndiyo sababu kila askari huwekewa kikomo cha makombora kwa siku. Hofu yangu ilikuwa kwamba wepesi ungeifanya iyumbe nikilenga. Nilipiga, nikapiga tena, ikatulia.

Baada ya hapo wahandisi walikaa nasi chini, daftari mkononi, wakaanza na wenye vyeo vya chini kabisa. Nilifurahi mno kuona hivyo. Kijana mmoja alisema pedi ya bega inagombana na fulana yake ya kinga. Mhandisi hakuandika tu. Alimwomba avae tena, ainue silaha, ashushe, mpaka alipoona mwenyewe inapogusa. Mtanga wangu naye akasema habari ya matawi, ikaandikwa.

Mimi nilizungumzia kihesabio. Mtutu una umri wake, na umri huo hupimwa kwa makombora yaliyopigwa. Kwenye M3 hesabu hiyo tuliiandika kwa mkono. Karatasi ikilowa au ikipotea, anayekabidhiwa silaha hajui mtutu umebakiwa na maisha kiasi gani, na uso wake ndio ulio karibu nao. M3E1 inajihesabia yenyewe. Niliwaambia kwamba hata kama wangepunguza kila kitu kingine kwa sababu ya bei, hicho wasikiondoe.

Silaha ikapokewa jeshini, ikapewa jina la M3A1, na kihesabio kimo.