Kabla ya kung'arisha meno, angalia fizi

Wengi wanaotaka tabasamu zuri huomba jambo moja tu: meno yawe meupe. Ombi si baya, ila mara nyingi huwahi kabla ya zamu yake. Dawa ya kung'arisha ikikuta jino lililotoboka hupenya hadi karibu na neva, na jino huuma vibaya. Ikikuta fizi zilizovimba, huziunguza.

Anza na kusafishwa. Ukoga laini unaondoka kwa mswaki, lakini ukishagandana kuwa gamba gumu, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, hakuna mswaki utakaouondoa. Daktari huubandua kwa kifaa kinachotetemeka huku kikitoa maji. Wengi hushtuka baadaye: meno yana mianya, yanasisimka kwa maji baridi, na wanadhani kifaa kimeyaharibu. Mwanya ule ulikuwepo, gamba lilikuwa limeujaza, na ufizi uliokuwa umevimba sasa umenywea.

Halafu mashimo yazibwe. Kuziba kwa kijazio cha rangi ya jino kunadai uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Sehemu iliyooza huondolewa, kuta za shimo hupakwa asidi kwa sekunde 15 hadi 30, husuuzwa na kukaushwa, kisha hupakwa gundi. Kwa kawaida kijazio huwekwa kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikigandishwa kwa taa ya buluu, mara nyingi sekunde 20 hivi. Tabaka likiwa nene, mwanga haufiki chini na kijazio hubaki laini ndani. Mate yakiingia kabla ya gundi kushika, kijazio huvuja pembeni na jino huoza upya chini yake. Ndiyo maana pamba na kile kifyonza mate havipaswi kukukera, vinalinda kazi.

Gego lililotibiwa mzizi, yaani lililotolewa neva na kuzibwa ndani, kwa kawaida livishwe kofia, ganda gumu la kulifunika lote. Limebaki na kuta nyembamba, na likipasuka hadi mzizini hung'olewa.

Sasa rangi. Njia ninayoiamini zaidi ni trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, yenye jeli ya kung'arisha ya kabamidi peroksaidi ya asilimia 10, unayovaa usiku kwa wiki 2 hivi. Tone dogo kwa kila jino linatosha. Jeli ikifurika kwenye ufizi, ifute mara moja. Meno yakisisimka, pumzika siku moja au mbili na utumie dawa ya meno yenye potasiamu nitreti.

Jeli hiyo haibadilishi rangi ya kijazio wala kofia. Ukizibwa jino la mbele leo na kung'arisha mwezi ujao, utabaki na doa la njano katikati ya weupe. Kwa hiyo shimo la mbele lizibwe kwa muda, meno yang'arishwe, kisha subiri wiki 2 ndipo kijazio cha kudumu kiwekwe. Muda huo si wa rangi kutulia tu: oksijeni inayobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi. Jino moja lililopiga weusi baada ya kugongwa lina habari nyingine. Huenda neva imekufa, na picha ya eksirei hutangulia.

Limau na mkaa viacheni, tafadhali. Limau huyeyusha ganda la nje la jino, mkaa hulikwangua, na ganda hilo halioti tena. Likiisha, rangi ya njano ya ndani ndiyo inayoonekana.

Vinia, yale maganda ya kaure yanayobandikwa mbele ya jino, hupendeza sana. Lakini kwa kawaida jino husagwa kidogo, takribani nusu milimita, na likishasagwa litahitaji kufunikwa maisha yote. Kama tatizo ni meno kupishana, uliza kwanza kuhusu nyaya za kunyoosha meno. Nazo zikitolewa, vaa kishikio, kifaa cha kuzuia meno yasihame, kila usiku kama ulivyoelekezwa. Meno huanza kurudi yalikotoka ndani ya wiki chache tu.