Yule malaika wa koti, na vitanga vya mikono

Bwana asifiwe wapendwa. Ukweli ni kwamba hii wiki sikuwa na neno la kuwaandikia. Jumatatu niliketi nikafungua Biblia nikaona macho yanapita tu juu ya maandishi, kwa sababu roho yangu ilikuwa imekwama Jumapili, pale darasa la vijana, na haijatoka huko mpaka leo.

Kuna binti wa kidato cha pili kwa darasa letu, anachora vile sijawahi kuona mtoto akichora. Jumapili alikuwa amechora malaika nyuma ya daftari ya mahubiri, mwanaume wa koti refu la rangi ya kaki, tai imekaa upande, na nyuma yake kivuli cha mabawa mawili kimejaa ukuta mzima. Nilimjua hata kabla nisome jina lililoandikwa chini. Castiel, wa ile tamthilia ya Marekani inaitwa Supernatural. Mama mmoja wa kanisa akapita, akaichukua daftari, akauliza huyu ni nani, binti akajibu kwa furaha kabisa kwamba ni malaika ninayempenda, na kabla amalize kusema ile karatasi ilikuwa vipande vinne na ameshaambiwa amewafungulia mapepo mlango. Binti akaniangalia mimi. Mwalimu wake. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta Zaburi.

Wapendwa, mimi Supernatural nimeiangalia yote. Misimu 15, episodi 327, ilianza 2005 ikaisha Novemba 2020. Kama kuna mtu hangefaa kunyamaza pale ni mimi, na nilinyamaza, na nimekula chakula wiki yote kikikwama kooni.

Wengi wenu mnajua nilianguka, lakini hamjui niliinuliwa vipi. Mwanzo wa 2020 nilikuwa mweka hazina wa kwaya, pesa za sare zilikuwa kwa simu yangu, elfu thelathini na nne, na nilikuwa nabeti. Nilianza kuchukua mia tano, nikisema nitarudisha mechi ya Jumamosi ikiingia, halafu elfu, halafu siku moja nikaangalia salio nikapata shilingi kumi na moja. Niliacha kwenda kanisani. Corona ilipokuja Machi, makanisa yakafungwa, kafyu ikaanza, mimi peke yangu nilishukuru, kwa sababu sasa hakuna mtu angeuliza mbona sionekani. Nilijifungia kwa chumba changu Kaptembwa, hapa Nakuru, na laptopu ya ndugu yangu na flashi imejaa misimu ya hiyo tamthilia, kijana wa movie huko town ndiye alikuwa ameniwekea, na nilikuwa naiangalia mchana na usiku ili nisisikie mawazo yangu.

Basi nikafika msimu wa nne. Dean Winchester, mmoja wa wale ndugu wawili wanaowinda mapepo kwa hiyo tamthilia, amekufa, ameenda jehanamu kweli, sio kwa mfano, na episodi ya kwanza anaamka ndani ya jeneza, anachimba udongo mpaka anatoka juu, hajui nani amemtoa. Begani ana alama ya mkono, imeungua kwa ngozi, mkono wa mtu aliyemshika akamvuta. Baadaye anamwita huyo aliyemtoa, na anaingia Castiel kwa ghala, taa zinapasuka moja moja juu yake, anatembea tu polepole. Dean anafanya nini? Anamchoma kisu kifuani. Na Castiel anaangalia kile kisu, anakichomoa, hakasiriki. Halafu anamwangalia Dean usoni na kumwambia shida yake, kwamba hafikirii anastahili kuokolewa.

Nililia. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta. Hakuna mahubiri yalikuwa yamenipata hapo, na nimehubiriwa tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Mimi sikuwa na shida ya kuamini kwamba Mungu anaokoa watu. Niliamini anaokoa watu wengine.

Na wiki hiyo hiyo mama yangu akaja. Sijui nani alimwambia. Alitoka Molo na kile kiroba cha viazi, amevaa barakoa ya kitambaa cha leso, nikafungua mlango nikamwambia nani amekuita, maneno mengine siwezi kuyaandika hapa. Kisu kifuani kabisa. Hakunijibu. Aliweka kiroba chini, akaanza kuosha sufuria zilizokuwa zimekaa siku tatu, na akiwa bado amenipa mgongo akasema ameuza mtamba, deni la kwaya limelipwa, nile kwanza ndio tuongee. Nikakumbuka Eliya chini ya mretemu, amechoka anaomba kufa, na malaika anakuja na hamletei hotuba yoyote, anamwambia inuka ule, kuna mkate kwa makaa na gudulia la maji.

Kwa hivyo ndiyo, nampenda Castiel. Nampenda hata kwa sababu zingine, nilivyoona Misha Collins, yule mwigizaji, aliletwa awe wa episodi chache tu na watu wakampenda mpaka akakaa hadi msimu wa mwisho, nampenda vile anageuza kichwa kidogo akiwa haelewi wanadamu, vile anajifunza taratibu kukaa na watu. Lakini kuna jambo moja kumhusu ambalo huniuma mpaka leo. Msimu wa tano Castiel anaanza kumtafuta Mungu. Anaazima ile hirizi Dean huvaa shingoni, inatakiwa iwe moto Mungu akiwa karibu, anazunguka nayo dunia nzima, na haiwi moto. Mwishowe anairudisha akisema haina maana. Baba yake hamtaki. Na mwisho kabisa wa tamthilia huyo Mungu wao anageuka ndiye adui wa kila mtu. Hapo ndipo mimi na waandishi wake tunaachana, na vijana wetu lazima waambiwe wazi kwamba huyo siye Mungu wetu. Nilikuwa naangalia malaika anatafuta Baba na natamani kuingiza mkono kwa kioo nimshike koti nimwambie, ndugu yangu, hajapotea, sisi tunamjua, alikuja mwenyewe. Petro anasema kuna mambo ya wokovu wetu ambayo malaika wanatamani kuyachungulia. Kuyachungulia! Mimi niliyeiba pesa za sare niko ndani ya chumba na malaika wako dirishani.

Sasa sikilizeni hili, na mkisahau mengine yote shikeni hili. Ile alama ya mkono begani mwa Dean nilikuwa nimeipenda sana, hata nilikuwa nimeweka picha yake kwa simu, malaika ameacha mkono wake kwa mtu. Halafu asubuhi moja, mama alikuwa bado kwangu amelala, nikasoma Isaya 49, Sayuni analia kwamba Bwana amemsahau, na Bwana anamjibu, "nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Nikasimama hapo. Nikasoma tena kwa sauti mpaka mama akaamka. Malaika wa tamthilia aliacha mkono wake kwa mtu, lakini Bwana amemweka mtu kwa mkono wake. Alama ya begani mwa Dean kuna msimu inapotea, ngozi inarudi safi kama haikuwahi kuguswa. Wewe hujachorwa begani mwako, ambapo unaweza kuoga ukatoka, ambapo ukitenda dhambi unaangalia kama bado ipo. Umechorwa kwake. Na Tomaso alipoonyeshwa ile mikono baada ya ufufuo, makovu yalikuwa bado yako hapo, hakuyaacha kaburini. Wewe mama unayesoma hii ukijua ulitoa mimba ukiwa chuo na hujawahi kumwambia mtu, umechorwa. Wewe mzee ambaye watoto wako hawakuongeleshi kwa sababu ya ile pombe, na walikuwa na haki, umechorwa. Wewe kijana unayebeti saa hii na fedha sio zako, zima hiyo simu, mpigie mtu mmoja leo, mwambie kiasi kamili, usipunguze hata mia. Usingoje ujisikie unastahili, hiyo siku haitakuja, mimi niliingoja kwa chumba cha Kaptembwa na iliyokuja ilikuwa mama na viazi. Zaburi 40 inasema, "Akanipandisha toka shimo la uharibifu, toka udongo wa utelezi." Hujiinui kutoka kwa utelezi, unashikwa.

Na sisi wakubwa kanisani, niseme kwa upendo. Yohana mwenyewe kwa Ufunuo alianguka miguuni pa malaika wa kweli ili amsujudu, na malaika hakumrarua, alimwambia usifanye hivi, mimi ni mjoli wako, yaani mtumishi mwenzako, msujudie Mungu. Maneno machache akamwelekeza. Sisi watu wa Nakuru tumekua tukiambiwa Menengai ni mlima wa mashetani, na ni huko huko kwa mapango wenzetu hupanda kufunga na kuomba. Hatukuukimbia mlima. Basi mbona tunakimbia daftari ya mtoto? Mtoto akisema nampenda malaika anayetoa watu shimoni, amekufikisha mlangoni kabisa, umebaki tu kufungua.

Alhamisi nilipanda boda nikaenda kwao, nikamwomba msamaha mbele ya nyanya yake, nikamwambia kwamba nilimjua Castiel pale na nikaona aibu kusema. Alikaa kimya muda mrefu. Nikampa daftari mpya ya kuchorea isiyo na mistari, na nikamsomea Isaya 49 kutoka mstari wa 14. Nyanya akaleta chai. Nilipomaliza chai nikamwona ameinama tayari, anachora mkono, kitanga kimefunguliwa, na ndani yake anajaribu kuweka uso mdogo, akafuta, akaweka tena, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huu uso niuchore wa nani?"