Siku moja maishani mwangu: nesi wa wodi ya wazazi, Dodoma

Saa 11:30 alfajiri naamka, upepo unapiga mabati. Saa 1:30 napokea zamu: ripoti, vitanda, dawa.

Saa 3 analetwa mama kutoka Bahi, mimba ya wiki 21. Mbili zilizotangulia zilitoka zikiwa za miezi mitano, bila uchungu. Safari hii kasikia uzito tu chini, kama kitu kinashuka. Daktari anampima: mlango wa kizazi umefunguka sentimita 2, na chupa, ule mfuko wa maji anamokaa mtoto, inaonekana, laini, inang'aa, imetokeza kama ncha ya kidole. Haijapasuka. Mapigo ya mtoto yapo. Mama hana homa, hana uchungu, hatoki damu. Anaweza kushonwa.

Tunainua kitanda upande wa miguu, kichwa kinabaki chini. Halafu tunasubiri. Chumba cha upasuaji kina mama wa dharura, na nyuma yake yupo mwingine. Saa 4. Saa 5. Mama mkwe kasimama mlangoni.

"Mwanangu, wa tatu huyu. Hapa kuna mkono wa mtu. Mtupe ruhusa tumpeleke kwa mtaalamu."

"Mama, ni mlango wa kizazi umelegea. Hana kosa lolote, wala hajarogwa."

Naeleza mara ya tatu, ya nne. Inaniuma kuona mwanamke anapoteza mtoto kisha anabebeshwa na lawama. Aliyemaliza mabishano ni mgonjwa mwenyewe: akaomba kalamu, akasaini kukubali kushonwa, hivyo hivyo kichwa chini, mwandiko ukipanda ovyo.

Tulipoingia njaa nilishaisahau. Ganzi ya mgongo. Daktari akairudisha chupa polepole kwa puto la katheta, mpira wa mkojo, akazungusha uzi mlango wote kama kamba ya mfuko wa kitambaa, puto likatolewa, akakaza. Ni mshono wa McDonald, daktari aliyeuelezea mwaka 1957. Hakuna aliyesema neno mpaka fundo lilipofungwa. Chupa nzima.

Wodini akaninong'oneza, "Dada, nikikohoa je?"

"Kohoa tu, mdogo wangu."

Sikumficha: chupa bado inaweza kupasuka, maambukizi yanaweza kuingia. Kwenye kadi daktari kaandika uzi ukatwe wiki ya 37. Zimebaki 16.

Nimefika nyumbani miguu imevimba, vumbi hadi kwenye nyusi. Kabla ya kula nikampigia mwenzangu wa zamu ya usiku.

"Mapigo?"

"148. Amelala."