Daftari la kaunta: nilivyokuza msamiati wangu wa Kiingereza nikiuza dawa Nakuru

Nauza dawa za mifugo na mimea katika agroveti moja mjini Nakuru. Wateja wetu hutoka Bahati, Njoro, Rongai, Subukia, na wakulima wa viazi hutoka Molo. Wakiingia huniita daktari, ingawa mimi si daktari. Ni desturi ya huku kwamba anayekupa dawa ya ng'ombe ni daktari. Jina hilo lina uzito wake, kwa sababu mtu akishakuita hivyo ataamini utakachomsomea kwenye chupa, na akifika nyumbani atafanya vivyo hivyo.

Lebo nyingi za dawa za mimea zina sehemu ya Kiswahili. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya sindano mara nyingi ni Kiingereza kitupu, tena kwa herufi ndogo. Kiingereza nilikisoma hadi kidato cha nne. Niliweza kujaza fomu na kufuata taarifa ya habari, lakini karatasi zile zilikuwa na maneno niliyoyajua nusu, na neno unalolijua nusu ni hatari kuliko usilolijua kabisa, maana usilolijua utauliza.

Aliyenifanya nianze ni mzee mmoja wa Bahati. Ng'ombe wake aliugua kiwele, akachomwa antibayotiki, naye akaja na boksi mkononi. "Daktari, hebu nisomee hapa. Maziwa nitapeleka lini?" Karatasi ilisema "withdrawal period". Sasa "withdraw" nani asiyelijua Kenya? Limo kwenye menyu ya M-Pesa, ni kutoa pesa. Lakini ukilichukua hivyo hivyo unapata kipindi cha kutoa maziwa, kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Nilimwomba mzee akae kidogo nikampigia simu daktari wa mifugo tunayeshirikiana naye. Akanieleza kwamba ni muda wa kusubiri tangu dawa ya mwisho hadi maziwa yawe salama kwa watu, na ndani ya muda huo hayauzwi wala hayanywewi nyumbani. Mzee alielewa akaenda zake. Mimi nikabaki na lile neno.

Jioni nilifungua daftari jipya. Nikaandika neno juu ya ukurasa, chini yake maana kwa Kiswahili, kisha sentensi. Ya kwanza ilikuwa ya kazini: "Do not sell milk during the withdrawal period." Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe: "I withdrew five hundred shillings to buy flour." Baada ya muda nikaokota ya tatu gazetini, kuhusu mgombea aliyejiondoa: "He withdrew from the race." Nilipozisoma zote tatu pamoja niliona kitu ambacho tafsiri ya neno moja haikunionyesha. Kote kuna kitu kinachoondolewa mahali kilipokuwa. Pesa zinaondoka kwenye akaunti, mgombea anatoka kinyang'anyironi, dawa inasimamishwa na kungojwa iishe mwilini mwa ng'ombe. Niliona pia kwamba "from" hupenda kufuatana na neno hilo. Hayo yote yalikaa katika ukurasa mmoja, na tangu hapo sijawahi kubabaika nalo.

Hiyo ndiyo njia niliyoishika. Neno haliingii daftarini bila sentensi, na angalau sentensi moja lazima itoke kwenye maisha yangu.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa lugha anayefuga kuku, aliliona daftari kaunta akafurahi sana. Alinieleza kwamba mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kuwa neno hujulikana kwa maneno linayoandamana nayo. Akanishauri pia nitafute kamusi ya wanaojifunza Kiingereza badala ya kamusi waliyoandikiwa Waingereza wenyewe. Tofauti ni kubwa. A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani, ndiye aliyetunga kamusi ya wanafunzi ambayo Oxford waliichapisha mwaka 1948, na hadi leo matoleo mapya yanatoka. Longman walipotoa yao mwaka 1978 walijiwekea sharti la kufafanua maneno yote kwa kutumia maneno kama 2,000 tu ya kawaida, ili msomaji asifukuzwe kutoka neno gumu hadi lingine gumu zaidi. Kisha mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham wakatoa kamusi ya COBUILD, ambamo fafanuzi zimeandikwa kama sentensi kamili, ukifanya jambo fulani basi unafanya hivi na hivi. Mimi nilipata nakala kuukuu kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya barabara mjini. Kwangu hiyo ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu ukisoma ufafanuzi tayari umeona neno likifanya kazi.

Ila sentensi za kamusi zina kasoro moja. Zimejaa theluji na treni za chini ya ardhi za London. Nazisoma nione neno limekaaje, halafu naandika ya kwangu yenye mvua ya Aprili na matatu ya Njoro.

Chukua "apply". Kwenye lebo kila siku: "Apply the fertilizer when the soil is wet." Hapo ni kuweka mbolea. Binamu yangu alituma maombi ya kazi kwenye shamba la maua Naivasha: "My cousin applied for a job." Mteja akiuliza kama masharti ya ng'ombe yanahusu mbuzi pia: "The same rule applies to goats." Neno ni moja, kazi ni tatu, na kinachozitenganisha ni kile kijineno kinachofuata. Kwa kazi ni "for", kwa kanuni ni "to", kwa mbolea hakuna kitu. Mtu anayekariri kwamba "apply" ni kuomba ataisoma lebo ya mbolea asipate maana. "Treat" nalo liko hivyo. Unatibu ng'ombe, unapaka mbegu dawa kabla ya kupanda, unamtendea mfanyakazi vyema, unamnunulia rafiki chakula cha mchana, na kote huko Mwingereza anatumia neno hilo hilo.

Wapo wanaosema ukitaka Kiingereza uache kabisa kufikiri kwa Kiswahili. Sikubaliani nao. Kiswahili ndicho kinachonionyesha mahali pa kuwa mwangalifu. Sisi tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu", kitenzi kimoja kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kina viwili, "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, na ndiyo maana hapa mjini utasikia "borrow me your pen" hata ofisini. Ukishajua chanzo chake unaacha kukisia. Niliandika sentensi mbili zinazotazamana: "Lend me your pump", "I borrowed his pump", nikiwazia wateja wanaoazimana pampu za kunyunyizia kila msimu wa viazi. Vivyo hivyo, mvua yetu ni kubwa, lakini ya Kiingereza ni nzito, "heavy rain". Hilo nililipata kwenye utabiri wa hali ya hewa, si katika orodha yoyote ya maneno.

Kuhusu orodha, ninazo mbili ninazoziamini, zote alizonitajia yule mwalimu. Ya Michael West ya mwaka 1953 ina maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi, na ya Averil Coxhead wa New Zealand ya mwaka 2000 ina familia 570 za maneno ya kitaaluma, yaani neno pamoja na maumbo yake, yale yanayojirudia katika vitabu vya vyuo vya masomo yote. Sikuzikariri. Nilizitumia kuamua. Nikikutana na neno kwenye karatasi ya dawa, nikalikuta pia katika mojawapo ya orodha hizo, basi linastahili ukurasa. Likiwa halimo, naangalia kama ni la kazi yangu. "Residue", "dose" na "udder" yana kurasa zao hata kama hayako katika orodha yoyote. Maneno makubwa yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kila asubuhi, yale ya kumshangaza mtu mkutanoni, nayapita tu. Hayatarudi, na neno lisilorudi hutoweka.

Kutoweka huko kuna historia yake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona, kwamba tunasahau upesi sana mwanzoni, kisha polepole. Dawa yake ni kurudia kwa nafasi zinazozidi kuwa pana. Katika miaka ya 1970 mwandishi wa habari Sebastian Leitner alieneza mbinu ya masanduku. Kadi mpya yenye neno la kujifunza hukaa sanduku la kwanza na kupitiwa kila siku. Ukiipata inasogea la pili, linalopitiwa kwa nadra zaidi, na ukiikosa inarudi mwanzo. Masanduku yangu ni maboksi matupu ya glavu za duka. Jambo moja nililobadilisha ni upande wa mbele wa kadi. Siandiki neno, naandika sentensi yenye pengo: "Do not ___ the milk until the fifth day." Kulijaza pengo ni kazi tofauti na kutambua neno, na kaunta inadai hiyo ya kwanza. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, kadi chache zinatosha.

Mdogo wangu aliye shule ya upili amenisaidia kuliko anavyojua. Wikendi ananisomea sentensi zangu, akiona moja imekaa vibaya anaipigia mstari, na asipokuwa na hakika anampelekea mwalimu wake wa Kiingereza. Sentensi isiyokaguliwa siitii kwenye boksi, kwa sababu ukiirudia yenye kasoro ndiyo itakayokaa kichwani. Yeye naye amefungua daftari lake, na lake limejaa maneno ya kemia.

Kampuni moja ya dawa ilipoita wahudumu wa agroveti kwenye mafunzo, mtaalamu alizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nilimfuata. Alipofika kwenye mabaki ya dawa katika nyanya niliinua mkono nikamuuliza kwa Kiingereza kama siku za kusubiri kabla ya kuvuna hubadilika mkulima akichanganya dawa mbili. Alijibu kwa kirefu, nami niliandika jibu lake na tangu siku hiyo nalitumia kuwashauri wakulima wa Subukia.

Sasa niko kwenye vile vitenzi vya maneno mawili, na hivi ni vigumu kweli. "Run out", "put off", "pick up", "wear off". Ukivunja kila kimoja vipande viwili hupati chochote, kwa hiyo maana naiandika mwisho, baada ya sentensi. "We have run out of tick wash" ni dawa ya kupe imetuishia. "The effect will wear off" ni nguvu ya dawa itapungua. Nimevipa boksi lao peke yao, na kwa "pick up" nimeacha ukurasa mzima wazi, maana kila nikidhani nimemaliza matumizi yake mteja au mtangazaji wa redio ananiletea jingine.