Kabla ya nyumba za Bagamoyo, anza Kaole

Nyumba nyingi za mawe mjini Bagamoyo ni za karne ya 19. Ufundi wake ndio mkongwe, na asili yake huonekana Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, kwenye magofu yenye msikiti wa karne ya 13. Anza huko, kabla ya saa nne asubuhi. Jua likiwa bado upande, kila alama ya patasi huonekana. Mchana ukuta wote huonekana bapa.

Ukuta uliobomoka ndio unaofundisha. Tafuta mawe ya aina mbili. Tumbawe gumu la nchi kavu ni vipande visivyo na umbo, vilivyoshikwa kwa chokaa. Tumbawe la baharini huchongwa lingali bichi, laini, likikauka hukaza. Hilo lilitunzwa kwa mihirabu (vibweta vya ukutani msikitini vinavyoonyesha kibla) na kingo za milango, mahali panapotaka ncha safi. Kwenye nguzo za makaburi utaona vishimo vya mviringo: humo zilipachikwa bakuli za Kichina. Kaburi la Sharifa watu bado huliendea kwa dua. Ukiwakuta, kaa pembeni na uiache kamera.

Ukirudi mjini, ingia Ngome Kongwe, ambayo ilianza kama makazi kabla ya kuwa ngome. Kisha, katika nyumba yoyote uliyokaribishwa, tazama juu. Boriti ya mkoko ndiyo inayoamua upana wa chumba. Mti ulionyooka ni kama mita 3 tu, na ncha zote mbili lazima zikalie ukuta, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba.

Ubovu huanzia kwenye ncha hizo, ndani ya ukuta unaonyonya maji. Ghorofa ikiinama kandokando ya ukuta, usipande, hata kama katikati inaonekana nzima.

Adui mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni saruji. Ukuta wa tumbawe hupumua: unyevu hupanda na chumvi, hutokea usoni na kukauka. Ukiupaka saruji, chumvi hukwama nyuma ya lipu, huganda na kuisukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio wa debe tupu maana yake lipu imeshaachana na jiwe, na itakapoanguka itaondoka na uso wa tumbawe. Dawa ni kubandua saruji yote, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka jembamba juu ya jingine.