Vizibo 44 kwenye ubao wa drafti

Jumapili iliyopita niliazima ubao wa drafti kijiweni kwetu. Mzee mwenye ubao alinitazama kwa wasiwasi, maana sikutaka kucheza. Nilimwomba na kopo lake la vizibo vya soda, nikapanga 44 ovyo ovyo juu ya miraba 64: 22 chali, 22 kifudifudi, miraba 20 nikaiacha wazi. Nikawaambia waliokuwepo kwamba kila mraba ni nyumba na kila kizibo ni mpangaji.

Sharti lilikuwa moja tu. Kila kizibo kiangalie majirani wanaokigusa. Kama angalau theluthi yao wamelala kama chenyewe, kimeridhika, kibaki. Wakipungua hapo, kihamie nyumba tupu iliyo karibu ambako kitaridhika.

Ni theluthi tu, jamani. Kizibo chenye majirani sita, wanne wa upande mwingine na wawili wa kwake, kinakaa kwa raha zake. Hakimchukii mtu. Hakitaki tu kuwa peke yake kabisa.

Tukaanza kuhamisha, mimi na kijana mmoja wa bodaboda. Kizibo cha kwanza kilikuwa ukingoni, chali, na majirani watano: wanne kifudifudi, mmoja tu wa kwake. Kikaondoka. Huyo mmoja aliyeachwa alikuwa ameridhika muda wote, lakini sasa amepungukiwa jirani, naye akawa hana budi kuhama. Na kule kizibo cha kwanza kilikofikia, kimeongeza idadi ya chali, kwa hiyo jirani wa kifudifudi aliyekuwa anapumua vizuri akajikuta amebanwa. Hapo ndipo penye siri yote. Anayehama anafikiria nafsi yake tu, ila kila hatua yake inabadilisha hesabu za watu asiowajua, mtaa anaoutoka na mtaa anaouingia.

Baada ya nusu saa hivi hakuna aliyetaka kuhama tena. Ubao ulikuwa umegawanyika: chali kule, kifudifudi huku, mpaka wake unauona hata ukisimama mbali. Mzee akauliza:

"Mwalimu, nani amewatenga hawa?"

Hakuna, mzee. Na ndiyo maana nimeupenda mchezo huu kiasi hiki.

Mchezo wenyewe ni wa Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyeandika juu yake mwaka 1971 akiwaza jinsi watu weusi na weupe wanavyoishi mbalimbali katika miji ya kwao. Alitumia sarafu na karatasi ya miraba. Siku hizi kompyuta inafanya kwa sekunde chache. NetLogo, programu ya bure ya Uri Wilensky iliyotoka 1999, ina mchezo huu ndani yake: kila mmoja akitaka asilimia 30 tu ya majirani wanaofanana naye, mwishowe wanajikuta na wastani wa asilimia 70 hivi. Aina hii ya modeli, yaani mfano mdogo wa kuigiza mambo halisi, huitwa modeli ya mawakala, na simaanishi wakala wa kibanda cha kutoa pesa. Wakala hapa ni yeyote mwenye kanuni zake ndogo: mpangaji, dereva, mbu, ndege angani. Hesabu ninazofundisha darasani mara nyingi huanza na jumla na wastani. Hizi huanza na mmoja mmoja, halafu unakaa unatazama jumla ikijizaa.

Foleni nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya jaribio ambalo magari 22 yalizunguka kwenye duara la mita 230, bila taa, bila makutano, bila ajali. Madereva waliombwa tu waende kwa mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Haikuchukua muda, magari yakaanza kusimama, na foleni ikawa inarudi nyuma huku magari yenyewe yanaenda mbele. Mmoja anakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, na wa nyuma zaidi anasimama kabisa. Kila nikikwama barabarani natafuta ajali mbele, halafu foleni inafunguka na ajali siioni.

Ila kuna jambo nililisisitiza pale kijiweni, kwa sababu kijana alishaanza kusema basi kumbe watu hujitenga wenyewe. Hapana. Ubao unaonyesha kwamba mgawanyiko unaweza kutokea bila amri ya mtu. Hauonyeshi kwamba ndivyo ulivyotokea mahali fulani. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini za Dar es Salaam hazikujipanga kama vizibo, wakoloni walizigawa kwa kanuni zao za ujenzi. Ukitaka kujua ya mji wako, lazima ukasome historia yake na uwaulize wazee.

Mzee alikuwa bado ameuinamia ubao. Akataka tujaribu tena, safari hii kila kizibo kidai robo tatu ya majirani wawe wa kwake. Tukahamisha mpaka jua likaanza kuzama. Kila tulipokiridhisha kimoja, viwili vilikosa raha, na vile tulivyokwisha kuviweka vikaanza kurudi tulikovitoa.

"Hawa hawatakaa," akasema, akaanza kuvirudisha koponi kimoja kimoja.