Shangazi anavyoshukuru baada ya Hanang

Janga likitokea tu utasikia "tumshukuru Mungu sisi tumepona", na mimi hayo maneno siku hizi yananikwama kooni, mana nimeshafika Katesh, mji wa chini ya mlima Hanang huko Manyara, Tanzania, baada ya ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri, wengine bado wamelala wengine ndo wanapasha maji ya kuoga waende kanisani, kipande cha mlima Hanang kikaachia. Ulikuwa msimu wa El Nino, mvua zimepiga udongo umeshiba, basi likashuka tope na mawe na magogo mazima mpaka mjini, huko Gendabi na Jorodom ndo usiseme. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sasa mtaani nyumba moja imesimama na ya jirani haipo kabisa, hiyo shukrani unaitoaje kwa sauti na jirani anakusikia?

Shangazi yangu alipona. Ndani kwake tope lilifika usawa wa dirisha, tulikwangua na majembe na panga mana likishakauka ni zege aisee, sufuria tulikuwa tunazichimbua kama viazi, na gunia la maharage lilikuwa limeshaanza kuota humohumo. Watu walikuwa wanakuja kumpa pole na wengine wanakuja na mahubiri, eti ni dhambi za mji, eti mlima umekasirika. Yeye anaitikia "haya" anaendelea kukwangua. Nikawa nawaza rafiki zake Ayubu, walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kusema neno, hapo walikuwa marafiki kweli, balaa lilianza walipofungua midomo.

Mi namwamini Mungu vizuri tu ila sio kila kitu tumtwishe yeye. Maji yana njia zake na watu tumejenga humohumo kwenye makorongo, miti nayo tunakata, hayo ni ya kuuliza kwa viongozi na kuulizana wenyewe, na sioni kwanini mtu akiuliza aambiwe hana imani.

Shangazi mwenyewe ndo kanifunza kitu bila hata kujua. Siku ya kutoa shukrani kanisani alisimama na hakusema hata mara moja kwamba Mungu alimchagua yeye akamwacha jirani. Alianza na marehemu wa mtaani kwao, akawataja kwa majina mmoja mmoja, halafu ndo akaja kwenye shukrani: wanajeshi waliochimba kwenye tope, dereva wa kijiko aliyeshuka akala nao ugali, mama wa Kiislamu aliyeleta madumu ya maji na vitenge, aliyetoa godoro bila kusema jina. Ikawa ndefu mpaka mzee wa kanisa akaanza kuangalia saa, shangazi akamwambia "ngoja mzee, bado watu wa maharage."